Kununua Lotto kwa kikundi: nafasi inaongezeka, mgao unapungua

Ndugu yangu, umeuliza kama kuingia kikundi cha mtandaoni cha kununua tiketi za Lotto ya Uingereza, yaani bahati nasibu yao, kunaongeza nafasi ya kushinda. Kunaongeza, ila fungu lako linapungua kwa kiasi kilekile. Pale unachagua namba 6 kati ya 59, kwa hiyo tiketi moja ina nafasi 1 kati ya 45,057,474 ya kupata zawadi kuu, yaani namba zote 6. Mkiwa 50, kila mmoja na tiketi yenye namba tofauti, inakuwa kama 1 kati ya 901,000. Bado ni mbali mno, na mkipata mnagawana watu 50.

Mimi kinachonitia hofu zaidi ni nani anashika tiketi. Sisi kazini tulichanga, tukapata pauni 30 kwa kupatia namba tatu, na hata hizo zilizua ugomvi: nani hakulipa wiki ile? Fikiria zingekuwa milioni! Andikeni makubaliano, majina na michango, kabla ya droo. Bila maandishi, huko mgao unaweza kuhesabiwa kuwa zawadi na baadaye kuguswa na kodi ya mirathi. Na ukiambiwa kikundi kimeshinda ila utume ada kwanza, usitume hata senti. Huyo ni tapeli.