B1 ama B2? Vile ilinipata hapa Kisumu, na habari ya shemeji wa Uingereza

Dadangu, umeuliza mambo mawili: uchukue leseni ya klasi ya B1 ama B2 kwa sababu unataka tu kuendesha Vitz ya otomatiki ya mzee wako, na kama shemeji yako anayekuja Desemba kutoka Uingereza ataruhusiwa kushika hiyo gari. Naanza na ya kwanza, hiyo iliniuma mimi mwenyewe.

Chukua B2. B1 ni gari ndogo ya otomatiki peke yake, B2 ni ile ya klachi na ukiwa nayo otomatiki pia unaendesha. Zamani ukienda shule ya udereva ulikuwa unaitisha BCE, zile klasi za zamani za leseni, na mambo yanaisha, lakini tangu sheria za 2020 herufi zimegawanywa kulingana na gari. Mimi nilisoma 2021 na sikujua hayo. Nililipa shule moja pesa yote, nikamwambia wa ofisini nataka gari ndogo, hakuniuliza ya aina gani, akanijazia kila kitu yeye mwenyewe. Wiki ya pili niko saiba natoa kopi ya PDL, ile leseni ya muda ya mwanafunzi, naangalia karatasi naona B, halafu kanamba 1 pembeni. Na kazi niliyokuwa naifuata ilikuwa ya kusambaza mikate na Probox ya gia! Kurekebisha ilinimalizia karibu mwezi mzima na pesa ingine juu, na ile kazi ikapewa mtu mwingine. Kwa hivyo tafadhali ingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, na akaunti yako mwenyewe, chagua klasi kwa mkono wako, usiachie mtu.

Usiogope klachi. Mwalimu wangu wa pili alinipeleka mlima wa Riat, barabara ya Kakamega, akanisimamisha katikati ya mlima, handibreki juu, akaniambia usinisikilize mimi, sikiliza injini. Unaachilia klachi polepole mpaka sauti ya injini inashuka na unaskia gari inainua pua kidogo, hapo ndio unatoa handibreki. Mara ya kwanza ilizima, ya pili ikarudi nyuma na kuna tuktuk imenikaribia nikatoka jasho, ya tatu ikapanda. Siku ya mtihani ile bodi ya mji wa mfano yenye vigari vidogo niliifanya vizuri, na tulipotoka barabarani mlima haukunisumbua hata kidogo.

Kitu kingine watu hawaelewi ni kwamba B2 yako haikuruhusu kubeba abiria wa kulipa. Teksi ni B3, matatu ni D na zimegawanywa kulingana na ukubwa wa gari, na hizi tuktuk zetu ziko A3 pamoja na boda ya kubeba watu. Mdogo wangu alikuwa na A2 ya pikipiki yake ya kwenda shamba, akaanza kubeba watu hapo Kondele jioni akidhani ni sawa, nikamwambia ndugu yangu siku utaangusha mtu bima itauliza klasi kwanza kabla ya kuuliza kitu kingine chochote. Alienda akaongeza A3, na nilishukuru sana.

Ukipita mtihani, kadi yenyewe ya leseni mimi nililipa shilingi 3,050 ya miaka mitatu, alama za vidole nikapigwa Huduma Centre.

Sasa shemeji. Mgeni wa Uingereza anaweza kuendesha Kenya na leseni yake ya huko hadi siku 90, na sisi pia tunapita kushoto kama wao kwa hivyo hatasumbuka sana. Akikaa zaidi ya hapo atafute ya Kenya. Lakini angalia leseni yake, kule pia ukifanya mtihani na otomatiki unafungwa kwa otomatiki, kwa hivyo Vitz yenu ni sawa ila pikapu ya baba mkwe asiiguse kama yake ni hiyo. Pigia watu wa bima simu kabla hajafika, uwaulize kama kava yenu inashika dereva wa leseni ya nje, na wakisema ndio waambie wakuandikie. Na abebe kadi yenyewe mfukoni, si picha kwa simu, barabara ya Busia polisi wanasimamisha sana mwezi huo wa Desemba.