Koili yako haina kosa, pamba ndiyo imekosewa

*Maswali ya wasomaji kuhusu vepu (sigara za kielektroniki), na majibu ya fundi wenu*

Swali: Fundi, shikamoo. Umepita mwaka tangu niache sigara nikahamia kwenye vepu. Nina boksi la betri moja, ndilo linalotoa umeme, na tangi la koili za kununua, zile waya za mizunguko zinazopasha majimaji, na koili zenyewe hazimalizi wiki kabla hazijaanza kunuka moto. Rafiki yangu ananisukuma nitafute atomaiza (kile kichwa kinachobeba koili na pamba) ya kujifungia koili mwenyewe, kama yake. Haina tangi, ina koili mbili, majimaji unadondoshea kwa juu, na akivuta hamuonani chumbani. Mimi bisibisi nimeishika mara za kuhesabu. Nianze na ipi, na nifungeje? — *Mgeni wa Waya*

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Ya rafiki yako mwachie rafiki yako. Si mbaya, hata mimi ninayo, na huitoa nikiwa nimetulia naonja ladha mpya, kwa sababu kubadilisha ladha ni kuchomoa pamba inayonyonya majimaji na kutia nyingine. Lakini inataka uidondoshee kila baada ya mivuto michache, na siku utakayosahau utavuta pamba kavu. Koili mbili nazo ni lazima zifanane kama mapacha. Moja ikizidi nusu mzunguko, mwenzake atawaka kwanza na yeye atabaki anatazama. Halafu zinakula umeme, na wewe una betri moja.

Tafuta ya tangi, yenye koili moja. Kwenye kasha huandikwa RTA, na hiyo ya kudondoshea huandikwa RDA. Usiangalie rangi wala urembo wa kioo. Fungua utazame jukwaa la ndani, pale koili inapokaa. Nguzo ziwe na nafasi ya kupitisha waya bila kuhangaika, na skrubu ziwe na vichwa vya kushika bisibisi sawasawa. Zile za matundu ya pembe sita, ndogo kama kichwa cha pini, huliwa mapema. Ukishaila ya kwanza, atomaiza yote inageuka pambo la mezani. Kasha liwe na skrubu za akiba na ringi za mpira za akiba. Kama umezoea kuvuta kama sigara, moshi unakaa mdomoni kwanza ndipo unashuka, chagua yenye tundu la hewa linaloweza kubanwa hadi likawa dogo.

Ikifika, ioshe kabla ya yote. Chuma kipya hutoka kiwandani na mabaki ya mafuta ya mashine. Ifungue vipande vyote, maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza, kausha.

Waya wa kuanzia ni Kanthal, aina ya aloi ya kupashia moto, ya unene wa milimita 0.4, ule unaoandikwa geji 26. Zipo nyingine. Nikromu huwaka haraka zaidi, na chuma cha pua kinakubali boksi lipime joto. Ila waya wa nikeli na wa titani usiuguse kwa sasa, maana huo haupaswi kuwashwa hadi ung'ae mwekundu, na wewe utataka kuona koili yako inang'aa ndipo ujue umefunga vizuri.

Chukua ncha ya drili ya milimita 3, zungushia waya mara 6, mizunguko ikaribiane. Hapo umetumia waya wa sentimita 7 na kidogo pamoja na miguu yake, na kipimo cha ukinzani wake wa umeme kitakuja karibu omu 0.85. Ukisoma 0.8 au 0.9, usijilaumu. Ukisoma 0.3, kuna kitu kinagusana pasipotakiwa. Simama hapohapo.

Wakati wa kubana skrubu, iache ile ncha ya drili ndani ya koili ili isipinde. Angalia pia mguu wa waya unakaa upande gani wa skrubu: skrubu ikizunguka kukaza, iuvute waya ndani, isiusukume nje. Jambo hili dogo linawatesa watu wengi kuliko hesabu ya omu. Kisha kata miguu kwa plaizi, karibu kabisa na nguzo. Mimi mara ya kwanza niliacha ncha isiyozidi milimita 2. Nilipofunga kifuniko ikagusa ukuta wa chuma, na boksi likaniandikia shoti. Nilifungua na kufunga mara nne nikiamini boksi ndilo bovu.

Sasa washa, wati 10 hivi, kwa kugusagusa kitufe tu, bila pamba na bila majimaji. Koili nzuri huanza kuwa nyekundu katikati, wekundu ukatambaa kwenda pembeni. Mzunguko mmoja ukiwaka peke yake kama kaa la moto, acha ipoe kidogo, ikwangue taratibu kwa kibano cha kauri kisha uiminye. Kibano cha chuma usikitumie wakati umeshika kitufe. Rudia mpaka iwake kwa mpango.

Nimeiacha pamba makusudi, maana barua inayofuata ni yake. Ukimaliza, anzia wati 12, panda polepole, na usishangae ukitulia kwenye 15. Kama majimaji yako ni ya nikotini miligramu 20 kwa mililita, baki kwenye mvuto wa mdomoni. Ukija kufungua hewa na kutaka mvuke mkubwa, shuka hadi 6 au 3, la sivyo kichwa kitakuzunguka.

Swali: Fundi, koili nimefunga safi, inawaka kuanzia katikati kama ulivyofundisha. Lakini mvuto wa tatu tu, koo linaungua. Nimebadilisha pamba mara tatu, kila mara naongeza nyingine ili ibebe majimaji mengi. Wapi nakosea? — *Koo Bovu*

Jibu: Hapohapo kwenye kuongeza. Nakuelewa sana, nami niliishi na kosa hilo wiki tatu. Akili inasema pamba nyingi ni majimaji mengi, kumbe pamba iliyoshindiliwa ni kizibo. Majimaji yanapita kwenye nafasi iliyo kati ya nyuzi. Ukizibana nyuzi, koili inakausha yaliyopo kabla mengine hayajafika, na wewe unavuta pamba inayoungua.

Fanya hivi. Kata kipande, sokota ncha moja iwe kama uzi wa kutunga sindano, pitisha kwenye koili na uvute. Sikiliza mkono wako. Pamba ipite kwa ukinzani kidogo, koili itikisike lakini isihame wala kupinda. Ikipita bila kugusa, ni ndogo. Ikibeba koili, ni nyingi, itoe upunguze.

Mikia miwili iliyobaki nje ikate iishie ukingoni mwa jukwaa. Halafu ichane. Nina sindano ya kushonea kwa kazi hii tu: naipitisha kwenye mkia mara kumi, kumi na tano, vumbi la pamba linadondoka, mkia unakuwa mwepesi kama ndevu za mzee. Ulaze kwenye mfereji wa majimaji, ufunike mdomo wake na kugusa chini. *Ulaze*, sijasema uuchomeke. Nimewahi kumwona mtu anaushindilia kwa bisibisi, nikaona huruma kwa koo lake.

Lowesha pamba yote mpaka ing'ae, kwenye koili na kwenye mikia, ndipo ufunge na kujaza tangi. Funga hewa wakati wa kujaza kwa juu. Subiri dakika chache. Kisha vuta ukitazama kioo: kiputo kikipanda kutoka chini baada ya mvuto, njia iko wazi. Usipoona kiputo hata kimoja, usiongeze wati, fungua upunguze mikia. Na ikianza kuvuja kwenye matundu ya hewa, basi umepunguza mno. Kati ya kuungua na kuvuja kuna nafasi kama ya kucha, utaipata kufikia pamba ya tano au sita. Majimaji mazito, yale ya glisarini asilimia 70, yanataka mkia mwembamba zaidi kuliko ya nusu kwa nusu.

Swali: Kuna bomba la shaba lisilo na skrini wala chochote, betri na kitufe tu. Linapendeza! Naweza kuweka atomaiza yangu ya kwanza humo?

Jibu: Hapana. Boksi lako likikuta shoti linakataa kuwaka. Bomba halina akili hiyo, linapitisha kila kitu betri ilicho nacho. Piga hesabu: betri iliyojaa ni volti 4.2, koili ya omu 0.2 inavuta ampea 21. Betri nyingi nzuri za saizi ya 18650 zinavumilia ampea 20 mfululizo, na namba kubwa zinazochapishwa kwenye ganda nyingine ni za kujigamba. Betri ikizidiwa ndani ya bomba lililofungwa, hewa inatafuta pa kutokea. Na hata kwenye boksi, ganda la betri likichubuka lifunike upya, na betri ya akiba isikae mfuko mmoja na funguo.

Swali: Nikitia matone mawili ya mafuta ya mnanaa kwenye tangi, ladha haitapendeza?

Jibu: Usitie mafuta ya aina yoyote. Mapafu hayana namna ya kuyashughulikia. Mwaka 2019 Marekani ilipata mlipuko wa majeraha ya mapafu kwa watu wanaovuta vepu, na hadi Februari 2020 zaidi ya watu 2,800 walikuwa wamelazwa au kufa. Wengi walikuwa wamevuta majimaji yenye kemikali ya bangi, na kilichohusishwa zaidi ni asetati ya vitamini E, ambayo ni mafuta mtu anaweza kuyameza au kujipaka bila tatizo. Kama umeshatia, mwaga, tupa pamba na koili, na tangi lioshe kwa maji ya moto na sabuni, mara mbili, pamoja na ringi zake.