Barua zenu wiki hii: mafao ya mume, pesilipu ya mchumba na siasa mpaka chumbani

Barua nyingi zilizoingia safari hii zinaanza na mapenzi, zikifika katikati zinageuka kuwa za hela, na mwisho zinaishia kwa serikali. Nimechagua tatu.

Dada habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 56 nipo Singida, mume wangu alikua mwalimu wa shule ya msingi, amestaafu 2025 baada ya kufundisha miaka 30, mshahara wake ulikua umefika kwenye milioni moja. Tumeishi vizuri tu ila toka mafao yaingie sina amani. Jirani yetu nae mwalimu, mishahara yao haikupishana sana, yeye alistaafu 2021 akamalizia nyumba akajenga na fremu mbili barabarani, wote tuliona. Huyu wangu kaniambia kapata milioni 37 tu basi. Nikamuuliza zingine ziko wapi akanyamaza, akachukua baiskeli akaondoka. Dada mi sio mtoto, nahisi kuna nyumba ndogo imekula hizo hela maana siku hizi simu anailaza kifudifudi na ikiita anatoka nje kuongea. Ndugu zangu wananiambia niende ustawi wa jamii. Nifanyaje?

Pole dada yangu. Kabla hujaenda popote chukua karatasi na kalamu tupige hesabu, maana hapa naona kuna mtu anasingiziwa.

Jirani yenu wa 2021 alilipwa kwa kikokotoo cha zamani, yaani ile kanuni ya kupigia hesabu za mafao. Ile mifuko ya pensheni ilipounganishwa 2018 ikaja PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma, zikatoka na kanuni za kulipa mkupuo wa 25%, kelele zikawa nyingi, na Desemba mwaka huohuo hayati Rais Magufuli akazisimamisha, ndo maana waliotoka 2021 waliponea. Mtumishi aliyekuwa PSPF, mmoja wa ile mifuko ya zamani, alikuwa anahesabiwa hivi: mshahara wa mwaka mara miezi aliyofanya kazi, gawanya kwa 540, chukua nusu, zidisha na 15.5. Mwalimu wa milioni moja kwa mwezi mwenye miaka 30 kazini, yaani miezi 360, anapata milioni 62. Haya, Julai 2022 hesabu ikabadilishwa. Kigawanyo kikawa 580, ile 15.5 ikawa 12.5 na mkupuo ukashuka kutoka 50% mpaka 33%. Wafanyakazi wakalalamika weee, bungeni nako kukawaka, bajeti ya 2024/25 ndo ikapandisha kidogo ikawa 40% kwa wale waliozoea 50. Sasa mchukue mwalimu yuleyule, mshahara uleule, miaka ileile 30, halafu piga kwa hesabu mpya. Inakuja milioni 37 na laki mbili na ushee.

Hiyo namba dada si ndiyo aliyokwambia mumeo?

Milioni 25 unazozitafuta kwa nyumba ndogo hazijawahi kuingia kwenye akaunti yake. Serikali inasema hela haijapotea, imehamia kwenye pensheni ya kila mwezi ili mzee asije akaishiwa na mfuko usije ukafilisika, na ni kweli kwa mfano wetu pensheni inatoka kama laki tatu na elfu 33 inafika laki tatu na elfu 72 kwa mwezi. Mi binafsi siridhiki. Mtu aliyepanga maisha yake miaka yote anajua nusu yake ipo, akafundisha watoto darasa la watu mia kwa tumaini hilo, kumbadilishia hesabu akiwa mlangoni anatoka ni kumuonea, na hiyo elfu 39 ya nyongeza haimalizii nyumba ya mtu.

Ila tusimalize na serikali tu, kuna ule unyamavu wake. Mwanaume wa umri ule aliyewaahidi watu nyumba akaja na pungufu ya matarajio anaona aibu, na wewe ulipomuuliza ulimuuliza kama polisi. Ile simu sisemi kwamba yeye ni malaika, inawezekana ni mwanamke, ila inawezekana pia ni deni, na inawezekana ni matapeli. Wastaafu wanapigiwa sana, mtu anajifanya ni ofisa wa mfuko anasema kuna nyongeza ya mafao tuma kwanza laki mbili tukamilishe faili, na aliyetapeliwa huwa hasemi nyumbani. Kwa hiyo muombe ule mchanganuo wa mafao yake na taarifa ya benki, mkae mezani asubuhi mkiwa mmeshakunywa chai, watoto wasiwepo, na umwambie kabisa kwamba umepiga hesabu umeona milioni 37 ni sahihi, unataka tu kujua zimebaki ngapi na mnazifanyia nini. Akisikia hivyo atafunguka, naamini. Akigoma kabisa kuonyesha, hapo ndo uende ustawi wa jamii, na ujue tu kwamba nyumba mnayoishi hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila wewe kuridhia, hiyo ipo kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59.

Sasa Anti. Mimi ni msichana wa miaka 27 kutoka Nakuru. Boyfriend wangu amekuwa akilipwa 50,000 tangu tujuane 2022, na enzi hizo alikuwa ananitumia 8,000 kila mwezi bila kuomba. Saa hii hata elfu moja ni vita, kila kitu ni "serikali imenimaliza, angalia pesilipu". Alafu Juni 25 2024 alienda maandamano Nairobi bila kuniambia, nikampigia siku mzima simu imezima nikalia kama mjinga. Babangu tangu ajue anamuita mtu wa fujo na amesema hataki kumuona hapa mambo ya ruracio, yaani mahari. Anti huyu mtu ananipenda ama serikali imekuwa kisingizio?

Mrembo, na wewe tupige hesabu, ila yako inatoka tofauti na ya mama wa Singida.

Mwaka 2022 kwa mshahara wa 50,000 NSSF ya akiba ya uzeeni ilikuwa shilingi 200 na NHIF ya bima ya afya 1,200. Sasa NSSF ni 3,000, SHIF iliyochukua nafasi ya NHIF, ya 2.75%, ni 1,375, na ushuru wa nyumba wa 1.5% ni 750. Ni makato makubwa na hasira za vijana nazielewa. Lakini haya makato siku hizi yanatolewa kabla ya kukata kodi ya mapato, kwa hiyo kodi yenyewe imeshuka, na ukimaliza kujumlisha na kutoa alikuwa anabaki na kama 41,450 na sasa anabaki na kama 39,000. Tofauti ni karibu 2,400. Ongeza na bei, maana VAT ya mafuta ilipanda 2023 kutoka 8% mpaka 16% na nauli ikafuata, pango la nyumba nalo likapanda. Nakubali anabanwa. Ila kutoka 8,000 mpaka sifuri, pesilipu peke yake haijibu hilo, na ni haki yako kuuliza iliyobaki inaenda wapi. Pengine ana mkopo wa app, wengi wamo humo na hawasemi. Muulize kwa upole lakini usikubali jibu la "serikali" likawa ndio mwisho wa mazungumzo.

Kuhusu maandamano, kwenda kwake sio kosa machoni pangu. Ule mswada wa fedha waliokuwa wanaupinga Rais Ruto mwenyewe alitangaza Juni 26 kwamba hatautia saini, na wapo waliolipa kwa maisha yao, kwa hiyo babako ana haki ya kupinga ila asiwaite vijana wote watu wa fujo. Kosa lake ni kukuacha hujui yuko wapi siku watu wanapigwa risasi. Hilo mdai msamaha. Ya babako mtume mjomba akaongee naye, wewe binti usibishane naye.

Anti shikamoo. Mi naishi Mbeya nina miaka 34. Ile Oktoba 29 mwaka 2025, siku ya uchaguzi mkuu na maandamano, na zile siku intaneti imezimwa tulikua hatujui nini kinaendelea kwa ndugu. Iliporudi nikaandika kwenye grupu la familia la WhatsApp kwamba hao wahuni waliokamatwa waachwe wafunzwe adabu. Kumbe mdogo wake mke wangu nae yumo. Alikaa mahabusu wiki kadhaa ndo akatoka. Mke wangu toka siku ile analala na watoto, chakula ananipa ila maongezi hakuna.

Marahaba mwanangu. Kuwa na msimamo wako wa siasa ndani ya nyumba hakuna anayekukataza. Lakini kijana wa watu uliyekula nae sikukuu ukamwita mhuni hata kabla ya kujua kafanya nini, hapo hukuongea siasa, uliwatukana wakwe zako. Hata Rais Samia alipohutubia Bunge Novemba 14 mwaka ule alitaka waliofuata mkumbo wasamehewe, wewe shemeji mtu ukawa mkali kuliko dola? Nimeumia kwa ajili ya huyo dada, kukaa wiki kadhaa hujui mdogo wako amekula nini halafu unampakulia chakula mtu aliyeandika vile, si kitu kidogo.

Msamaha uombe palepale kwenye grupu ulipoandikia, usiuombe chumbani kwa siri maana ukoo mzima ulisoma. Usiweke "kama nimekosea", andika umekosa. Kisha chukua mshenga wako mwende kwa wakwe, na kijana akitaka kueleza yaliyompata kaa umsikilize mpaka amalize, usimkatishe kwa swali lolote la "kwani ulienda kufanya nini".