Maswali ya Wasomaji: Mtaro Huu Ni wa Nani?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimeandikwa na wakazi wa Dar es Salaam, jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabia watu 5,383,728, na karibu zote zinaeleza hali moja: tatizo liko mlangoni kwa mtu, lakini hajui apige hodi kwa nani. Nimechagua barua nne. Majina ya waandishi tumeyahifadhi kama walivyoomba.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mpangaji huku Manzese. Mtaro unaopita mbele ya nyumba yetu umejaa mifuko, nguo kuukuu na mchanga, na kila masika maji huingia hadi uvunguni mwa kitanda. Fedha ya taka tunatoa kila mwezi, lakini gari huja siku linayotaka. Nilipomwendea mjumbe aliniambia kuwa mikutano ya mtaa ni ya wenye nyumba. Je, ni kweli? Na mtaro huu ni wa nani?*
Mpangaji, Manzese

Ndugu yangu mpangaji, si kweli. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, na neno linalotumika ni mkazi, si mwenye nyumba. Ulikuwa na haki ya kumpigia kura mwenyekiti wa mtaa katika uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 kwa sababu unaishi hapo, na kwa sababu hiyohiyo una haki ya kusimama mkutanoni na kumuuliza. Tena, kama nyumba mnayokaa ina mita moja ya luku na ninyi wapangaji ndio mnaonunua umeme, kodi ya majengo inakatwa humo kila mwezi tangu mwaka 2021. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, na mnaweza kukubaliana naye airejeshe katika hesabu ya pango, lakini asiwepo mtu wa kukwambia kuwa mpangaji hachangii chochote katika mji huu.

Kuhusu mjumbe, nadhani hapo ndipo wengi wanapopotea. Mjumbe wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama. Alikuwa na sauti katika kila jambo la mtaa wakati wa chama kimoja, na mazoea hayo bado hayajatutoka, lakini si ngazi ya serikali. Serikali inaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa na kamati yake, ambao wanachaguliwa kila baada ya miaka mitano, pamoja na afisa mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri. Juu yao kuna kata, yenye afisa mtendaji wake na Kamati ya Maendeleo ya Kata inayoongozwa na diwani, na wenyeviti wa mitaa yote ya kata ni wajumbe wa kamati hiyo. Juu ya kata ndipo lilipo baraza la madiwani la manispaa, ambalo kwako wewe ni la Ubungo.

Sasa mtaro. Ikiwa uko kandokando ya barabara ya mtaa, unahusu Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, ambao tangu mwaka 2017 umechukua kazi ya barabara hizo kutoka kwa halmashauri. Ikiwa ni mtaro wa Barabara ya Morogoro, basi mhusika ni TANROADS, wakala wa barabara kuu. Taka zilizo ndani yake, hata hivyo, ni za halmashauri, kwa kuwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inaiwajibisha mamlaka ya serikali ya mtaa kusimamia taka ngumu. Anayekuja na gari ni mkandarasi aliyepewa kazi kwa mkataba, na mkataba huo unataja eneo lake na siku zake. Nenda kwa mtendaji wa kata, uulize siku hizo ni zipi, kisha kwa mwezi mmoja andika katika daftari siku ambazo gari lilikuja na siku ambazo halikuja. Karatasi hiyo ina uzito kuliko malalamiko ya mwaka mzima.

Niliwahi kuhudhuria mkutano wa mtaa mmoja ambao sitautaja, chini ya mwembe, viti vya plastiki vimeazimwa kwenye kikundi cha kuzikana, na watu kama arobaini hivi. Mwenyekiti alizungumza kwa muda mrefu kuhusu usafi. Alipomaliza, mama mmoja alisimama na kiroba alichojaza mtaroni asubuhi ileile, akakimwaga juu ya gunia mbele ya meza: nepi za watoto, chupa za maji, vifuu vya nazi, kandambili moja nyekundu. Watu waliguna. Lakini kilichobadilisha mambo siku ile si kiroba. Ni kijana aliyenyoosha mkono na kumwomba mtendaji aandike katika muhtasari kwamba mkutano umeazimia mkandarasi aitwe mbele ya Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha akaomba asomewe sentensi hiyo kama ilivyoandikwa. Mtendaji akaisoma. Wiki chache baadaye mkandarasi aliitwa.

Kwa hiyo nenda mkutanoni, na usiende peke yako. Wapangaji watano wa nyumba moja wakienda pamoja ni watu watano katika mkutano ambao mara nyingi hauna hata watu hamsini.

*Mtaani kwetu barua ya utambulisho ya kupeleka benki hugongwa muhuri baada ya kutoa shilingi 5,000. Hakuna risiti. Ni halali?*
Kijana, Tabata

Omba stakabadhi ya serikali kabla hujatoa fedha. Malipo halali ya halmashauri hutolewa stakabadhi, na fedha isiyo na stakabadhi haiingii katika hesabu zake. Ukikataliwa, andika tarehe, saa na kiasi, mpelekee mtendaji wa kata, na asipochukua hatua mwandikie mkurugenzi wa halmashauri. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, nayo hupokea taarifa kwa simu ya bure namba 113.

*Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha watu thelathini hapa Keko. Tunataka kuchimba na kuzibua mitaro yetu wenyewe kwa kuchangishana, lakini baadhi yetu wanasema kufanya hivyo ni kuibebea manispaa mzigo wake, na kwamba tukianza hawatafanya tena. Nani yuko sahihi?*
Baba wa familia, Keko

Wote mko sahihi kwa sehemu, na swali lako ndilo lililonifanya niutumie ukurasa huu wote kwa mambo ya mji. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka ndiyo yanayopelekwa. Wajibu wa manispaa unabaki kwake. Jembe mnaloshika halifuti mstari wowote katika bajeti yake, mradi ninyi wenyewe msikubali ufutwe.

Tazameni Hanna Nassif, Kinondoni, bondeni kule ambako maji yalikuwa yakituama majumbani. Katika miaka ya 1990 wakazi walijenga mitaro na njia zao kwa mikono, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wengine, na walifanya hivyo kupitia chama chao ambacho kiliingia mikataba ya kazi kama anavyoingia mkandarasi, na watu wakalipwa ujira. Naupenda mfano huo kwa sababu ya mkataba. Mkazi hakuitwa kujitolea Jumamosi apigwe picha na jembe. Aliandikishwa kama mshirika mwenye haki zake na kazi yake, na waliokuwa upande wa pili wa meza walitia saini pia.

Na mjue kwamba kikundi kinaweza kufanya kazi nyingine ambayo haishiki jembe kabisa, nayo ni kuikatalia mamlaka. Hapa siwezi kupita bila kuwakumbusha Tabata. Katika miaka ya 1980 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilikuwa ikimwaga taka za jiji zima Tabata, karibu na makazi ya watu. Taka zilichomwa, moshi ukawaingia watu majumbani pamoja na nzi na harufu, na watoto wakawa wanakohoa usiku. Wakazi hawakuishia kulalamika kibarazani. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu, na mahakama ikaiamuru halmashauri iache kumwaga taka pale na itafute mahali pengine ambapo hapatadhuru watu.

Halmashauri haikuondoka. Ilirudi mahakamani kuomba iongezewe muda, muda ule ulipokwisha ikaomba tena, na taka zikaendelea kumwagwa. Ombi la mwisho lilifika mbele ya Jaji Lugakingira mwaka 1991, naye alilikataa. Alieleza kwamba hajapata kusikia popote mamlaka ya umma, au hata mtu binafsi, ikienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, na akaifungamanisha hukumu yake na ibara ya 14 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuishi. Wakati huo haki za binadamu zilikuwa na miaka michache tu tangu ziingizwe katika Katiba yetu, na waliozifanya zifike kwenye jalala ni watu wa kawaida waliochoka kukohoa.

Nawaomba msomeshe kisa hiki katika kikundi chenu, lakini msikisome nusu. Taka zilipoondoka Tabata zilipelekwa Vingunguti, kisha Mtoni, na baadaye Pugu Kinyamwezi. Kila mahali palikuwa na watu. Kikundi kinachoshinda kwa kusukuma shida yake iende kwa jirani kimeshinda, ndiyo, lakini jiji halijapata nafuu. Ndiyo maana ninaona mitaro isihesabiwe mtaa mmoja mmoja. Maji ya Keko hayajui mpaka wa mtaa; mkizibua kwenu na walio chini yenu hawajazibua, mtakuwa mmewafikishia mafuriko kwa kasi zaidi. Waiteni mapema, kabla ya jembe la kwanza kugusa tope.

Jambo moja zaidi kwenu mlio thelathini. Kabla ya kuchimba, chora. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu walishirikiana na wakazi wa kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko, wakapita uchochoro kwa uchochoro wakiweka nyumba, njia na mitaro katika ramani iliyo wazi kwa kila mtu. Wakazi wanajua mtaro unaanzia wapi, umezibwa na ukuta wa nani na maji hufika wapi usiku wa mvua kubwa. Mhandisi aliye ofisini hajui. Chukueni karatasi kubwa, mchore mitaro yenu yote, mtie alama palipoziba na palipobomoka, mgawanye rangi mbili: kazi mnayoiweza kwa majembe na kazi inayotaka zege na fedha za umma. Ya kwanza fanyeni. Ya pili ipelekeni mkutano wa mtaa, iingie kwenye muhtasari, ipande Kamati ya Maendeleo ya Kata, na muifikishe kabla halmashauri haijafunga bajeti yake, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na ombi la mwezi wa sita huwa limechelewa. Mkifanya hivyo, wale wenzenu wanaohofia kubebeshwa mzigo watakuwa na karatasi mkononi inayoonyesha mzigo wa nani umebebwa na wa nani bado uko chini.

*Sisi ni akina mama kumi na wawili wa Mbagala, tunauza chakula. Tuna kikoba chetu cha miaka mitatu. Tumesikia kuna mkopo wa halmashauri usio na riba, lakini kuna bwana anataka tumpe fedha atusajili haraka na atuongezee majina. Tufanye nini?*
Mama lishe, Mbagala

Msimpe hata senti, na jina lisilo na mtu lisiingie katika daftari lenu. Mkopo huo upo kisheria. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2018, kutenga fedha hizo si hisani ya mkurugenzi wala ahadi ya mgombea. Hata hivyo mwaka 2023 utoaji wake ulisitishwa, kwa kuwa ukaguzi wa Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali ulikuwa umebaini vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, na ulirejeshwa mwaka 2024. Kwa muda wote ule, mama aliyekuwa na kikundi cha kweli na sufuria za kweli alikosa mtaji kwa sababu ya majina ya watu wasiokuwapo. Bwana huyo anawakaribisha mle mle.

Nendeni wenyewe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye kazi yake ni kuwapokea na kuwaelekeza, na huduma yake haina dalali. Chukueni katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na daftari la hisa. Kama kikoba hakijasajiliwa, anzeni na usajili, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka hata vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa visajiliwe, na kazi hiyo hufanyika katika halmashauri yenu.

Miaka mitatu ya kuweka fedha pamoja bila kugombana ni dhamana ambayo kikundi kilichoundwa jana hakina. Andikeni ombi dogo kuliko mnavyotamani, mkihesabu bei ya mkaa, unga, mchele na mafuta ya wiki mbili, na nani atarejesha kiasi gani siku gani. Muulizeni afisa dirisha la maombi linafunguliwa lini, na mwombeni awapokelee barua yenu kwa kugonga muhuri na tarehe kwenye nakala mtakayobaki nayo.