Bandika jina lako kwenye sanduku la barua kwanza

Kila anayejiandaa kuja kuishi Ujerumani akinipigia simu swali la kwanza ni lugha. Ngumu? Inachukua muda gani? Mi huwa najibu lugha utajifunza, we ukifika hakikisha jina lako limebandikwa kwenye sanduku la barua. Wanacheka, wanadhani natania. Sasa nina miaka 13 hapa Stuttgart na yaliyonitoa jasho mengi wala hayakuwa ya darasani.

Iko hivi. Majengo mengi ya kupanga huku nyumba za ndani hazina namba, anwani ni mtaa na namba ya jengo basi, humo ndani mnaweza kuwa familia kumi na mbili, na mtu wa posta anaangalia majina tu yaliyoandikwa kwenye masanduku pale chini. Hakuoni, barua inarudi ilikotoka. Mi nilihamia nikasema ntabandika wikiendi, wikiendi ikawa mwezi, na mwezi huo wote kadi yangu ya benki ilikuwa inaenda inarudi huku mimi nimekaa nalaumu posta. Nikakata kikaratasi, nikabandika kwa selotepu juu ya jina la mpangaji aliyehama. Kesho yake barua nne. Sikujua kuna watu wananitafuta kiasi hicho.

Maana nchi hii pamoja na viwanda vyake vyote ikiwa na neno na wewe inaandika barua. Ukishajiandikisha makazi (una wiki 2 tu tangu uhamie, na lazima uwe na karatasi ya mwenye nyumba kwamba kweli unaishi kwake) ujue umeshatangazwa. Namba ya kodi inakuja kwa posta. Ada ya redio na televisheni inakuja kwa posta, euro 18.36 kwa mwezi, na usijisumbue kuwaandikia kwamba huna televisheni kama nilivyofanya mimi, ukurasa mzima, kamusi pembeni, nikajiona nimeandika bonge la hoja. Tangu 2013 wanatoza kwa nyumba, hata kama humo ndani una godoro na sufuria. Nafuu yake ni kwamba mkiishi watatu nyumba moja analipa mmoja, kwa hiyo muulize mwenzako namba yake ya malipo mapema kabla hamjajikuta mnalipa mara tatu.

Ila ikija bahasha ya njano, ile ya barua rasmi za mahakama na ofisi za serikali, hapo kaa chini kabisa. Hiyo mtu wa posta ameandika tarehe juu yake kwa mkono, na siku zinaanza kuhesabiwa kuanzia hiyo tarehe, ikishaingia kwenye sanduku wewe umepokea, iwe umeifungua au umeisukumia chini ya kitanda. Faini ya barabarani kwa mfano una wiki 2 za kuipinga, zikipita ni kulipa tu. Ya kwanza kuipata mimi niliifungua kwa adabu zote, nikasoma, barua nikatunza, bahasha nikatupa. Nilipoenda kuomba ushauri yule mama akauliza, bahasha iko wapi? Nikamwambia nimetupa. Akavua miwani akaiweka mezani. Yaani hakunigombeza, alivua miwani tu, na mpaka leo bahasha za njano natunza kama hati ya kiwanja.

Barua za kawaida za serikali nazo zina hesabu yao, tangu mwanzo wa 2025 inachukuliwa umeipata siku ya nne baada ya kutumwa, zamani ilikuwa ya tatu. Kwa hiyo ukisafiri mpe mtu ufunguo wa sanduku. Siyo wa nyumba, wa sanduku.

Halafu kuna saa, na hii sisi tunaosema Kiswahili inatupiga mara mbili. Wanakwambia kwenye simu njoo halb drei, yaani nusu tatu. Kichwa changu kikaanza safari, tatu yao ni saa tisa yetu, nusu ipo, basi saa tisa na nusu. Kumbe nusu yao ni ya kuelekea tatu siyo ya kutoka tatu! Ni saa nane na nusu. Nikaingia kwa daktari wa meno nimechelewa karibu saa nzima, natabasamu, maana kwa hesabu zangu nimewahi dakika kumi. Siku hizi narudia kwa tarakimu, "kumi na nne thelathini, sio?", hata wakiniona mshamba poa tu.

Madirisha sitaki hata kuyazungumzia sana. Fungua yote wazi dakika 5, asubuhi na jioni, hata nje kuna theluji, usiache dirisha limeinamishwa kidogo tu siku nzima, ukuta ukiota ukungu mwenye nyumba atasema ni wewe. Na chupa za plastiki za soda usizibonde, kila moja ina senti 25 zako ulizoweka dukani ukinunua, na mashine ya kurudishia chupa ikishindwa kusoma alama inakurudishia usoni.

Chupa za vioo zisizorudishwa zinaenda kwenye mapipa ya mtaani, na hapo ndo nilipofahamiana na bibi wa ghorofa ya chini. Nimetoka na mfuko wangu unalialia kioo, akanisimamisha mlangoni. Leo Jumapili, akasema. Nikamwambia ndiyo. Akarudia, leo ni Jumapili. Nikadhani anaipenda tu hiyo siku, nikamtakia Jumapili njema nikaenda zangu kuvunja chupa moja moja mtaa mzima unasikia. Jumapili huku maduka yamefungwa na kelele hazitakiwi, kwenye yale mapipa saa zimeandikwa kabisa, mi sikuwahi kuzisoma.

Huyo bibi mpaka leo tunaitana kwa heshima ile ya Sie, yaani "wewe" ya adabu, mwaka wa tisa huu. Usijaribu kuhamia mwenyewe kwenye du, "wewe" ya waliozoeana, mkubwa ndo anaitoa akitaka, ni kama shikamoo, ukiikosea watakusamehe ila itakumbukwa.

Na yeye ndo alinifundisha Kehrwoche, zamu ya usafi ya wiki, ugonjwa wa watu wa upande huu, wanasema mizizi yake ni sheria za mji za mwaka 1492. Kibao kinaning'inizwa mlangoni kwako, wiki hiyo ngazi za kwenda chini na njia ya mbele ni zako, na kama ni majira ya theluji unaamka giza na koleo. Wana usemi wao kwamba usipogombezwa umeshasifiwa. Ushauri wangu hapa ni mmoja, kama zamu yako inaangukia safarini badilishana na mtu kabla, usiache kibao kinaning'inia kwako wiki mbili, mi niliacha, nikarudi nikakuta ngazi zimefagiliwa na hakuna aliyenisalimia mpaka mwezi uliofuata.

Jana nimemaliza zamu, nikampelekea bibi kibao chake. Alitoka, akashuka ngazi taratibu hadi chini, akapitisha kidole kwenye ukingo wa dirisha, akakiangalia. Akachukua kibao akaingia ndani. Hakusema kitu.