Muulize Bibi Afya: Mapipa manne ya nini?

SWALI: Shikamoo Bibi Afya. Nakaa Pasua, hapa Moshi, nyumba ya wapangaji sita, uwanja mmoja. Taka zote tunatia kwenye viroba na kuviegemeza getini. Gari la taka likichelewa siku mbili tu, ni nzi na mbwa. Mdogo wangu yuko Hamburg, Ujerumani, anasema kwao kuna mapipa manne ya rangi na hakuna dampo linalonuka. Mwenye nyumba kasikia, sasa anataka tuchange tununue mapipa manne. Yatatusaidia?
Mama Junior

JIBU: Marahaba mwanangu. Msichange kwanza.

Mdogo wako hajadanganya. Kule la njano ni la vifungashio, bluu karatasi, kahawia au kijani, kutegemea mji, maganda na mabaki ya chakula, jeusi yaliyobaki. Ila kila pipa lina gari lake na mahali pake pa kwenda. Tangu Juni 1, 2005 ni marufuku Ujerumani kumwaga dampo taka za nyumbani ambazo hazijapitia kiwandani, hivyo za pipa jeusi nyingi huchomwa kwenye matanuri yanayotoa umeme na joto. Na sheria ya mwaka 1991 ilimbebesha mwenye bidhaa mzigo wa kifungashio chake.

Sisi tunanunua pipa tukasahau gari. Niliwahi kufika taasisi moja, mapipa matatu ya rangi yamepangwa kama askari wa gwaride. Gari likaja, vijana wakayamimina yote kwenye bodi moja. Wapishi waliotenganisha wiki nzima wamesimama wanatazama. Ningecheka, lakini aliyewafundisha kutenganisha ni mimi.

Hebu chungulia kiroba chenu. Maganda ya ndizi na viazi, ugali uliolala, majani ya chai. Hivyo ndivyo vizito, na ndivyo vinavyonuka. Vikifika dampo vikafukiwa bila hewa, hutoa gesi ya methane, inayoshika moto, na maji meusi yanayozama ardhini. Kihambani, yaani shamba la migomba la nyumbani kwa mama yangu, Kibosho, sikuwahi kuona pipa la taka: ganda lilikwenda kwa ng'ombe, samadi ikarudi mgombani. Tulipohamia mjini tulimwacha ng'ombe, maganda tukaja nayo.

Kwa hiyo nunueni ndoo moja tu ya lita 20 yenye mfuniko unaobana, iwe ya hayo maganda na mabaki ya chakula. Kila mkitia, ubaneni mfuniko. Kisha ulizieni jirani anayefuga. Kwangu huja kijana wa nguruwe asubuhi, anachukua ndoo iliyojaa na kuniachia tupu, wala hatudaiani. Angalizo moja: mfuko wa plastiki usiingie humo kabisa, mnyama akiumeza unaweza kumuua.

Chupa za maji, makopo na maboksi viwe na kiroba chao kikavu. Mwageni maji, minyeni chupa. Mnunuzi mwenye mizani hapendi kupimiwa maji, na hamtamdanganya.

Mdogo wako pengine atakusimulia pia habari ya senti 25 za yuro: tangu 2003 kule unailipia chupa ya plastiki, na ukiirudisha dukani unapewa pesa yako. Isikushangaze. Ukienda dukani kwa Mangi kununua soda ya chupa ya kioo bila chupa tupu mkononi, anakudai nini? Ndiyo hiyo hiyo. Angalia mtaro wa mtaani kwenu uhesabu ni chupa ngapi za soda za kioo utaziona humo, halafu hesabu za plastiki.

Msichome hizo plastiki uani. Moshi wake ni sumu, na wa kwanza kuuvuta ni watoto.

Hujauliza pampasi, lakini jina lako linaniambia zipo. Hapo hata Wajerumani hawana ujanja, zao huingia pipa jeusi. Kinyesi kikung'utie chooni kwanza, ikunje, ifunge kwa gundi zake zenyewe, uitie kwenye kiroba kidogo cha yaliyobaki. Hicho ndicho cha kusubiri gari. Kikichelewa kuchukuliwa hakitanuka kama cha zamani, ila kilale ndani ya geti. Mbwa wa Pasua nawafahamu.