Usiwasikilize Boris kwa spika ya simu

Mara ya kwanza niliwasikiliza Boris, bendi ya roki nzito ya Japani, kwa spika ya simu, nikasema hawa Wajapani wanapiga kelele tu, nikafuta. Kosa lilikuwa langu. Uzito wa muziki wao uko chini kabisa, kwenye besi na magitaa yaliyolegezwa nyuzi mpaka yananguruma, na kispika cha simu hakiwezi kutoa sauti za chini hivyo, kwa hiyo unachosikia ni mikwaruzo ya juu tu.

Nikaja kuwaelewa kwa kaka yangu, siku niliyounganisha simu na sabufa yake nikaweka Absolutego, albamu yao ya 1996 ambayo yote ni wimbo mmoja wa saa nzima. Inaanza na muungurumo tu unaenda unaenda, na mimi naangalia kijiko kinatetemeka ndani ya kikombe cha chai mpaka kinagonga ukingo, halafu kifua nacho kikaanza kuitikia. Na hapo ni watu watatu tu jamani! Atsuo kwenye drams, Wata, yule dada wa gitaa, na Takeshi mwenye chombo cha shingo mbili, besi na gitaa pamoja.

Lakini wewe usianze na hiyo, utachoka. Anza na Pink ya 2005. Wimbo wa kwanza unakuja taratibu, mzito lakini mtamu, halafu unaofuata unakimbia kama umekatika breki, hapo utakuwa umeshaonja pande zao zote mbili. Ukiipenda, nenda Flood ya 2000, dakika 70 kwa vipande vinne. Kile cha kwanza ni gitaa linarudia kitu kilekile huku lingine linaachana nalo kidogo kidogo. Usirukishe mbele, kaa nayo, maana ukirukisha huwezi kusikia magitaa yanavyoachana.

Na masikio, tafadhali. Mimi nilizidisha sauti kwenye hedifoni, masikio yakapiga filimbi siku mbili, niliogopa sana. Desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, zikiwa 85 unaweza kukaa nazo kwa muda wa saa 8, ila kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, kwa hiyo kwenye 100 una dakika 15 tu. Ukibahatika kuwaona laivu nunua vizibo vya masikio vya kweli, siyo pamba, pamba inazuia kidogo sana. Wala usihofu kwamba utakosa utamu, ule muungurumo utakuingia kwa kifua.